Kikaango cha Marehemu Odeta

Jumatatu, 16 Juni 2025

Siku kubwa! Dorcas, mwenye mgahawa wetu wa steki na nyama choma, ametangaza kwamba anafungua tawi Nyakato, hapa hapa Mwanza, na anatafuta meneja wa kulisimamia. Aliniangalia mimi, meneja wa hapa. Kisha akamwangalia Elias, msaidizi wangu. Elias ndiye aliyeangaliwa muda mrefu zaidi, lakini hiyo ni kwa sababu Elias ni mrefu.

Kipimo ni Jumamosi. Mzee Amirali, mwenye duka la vipuri pale Nyamagana, anamfanyia binti yake sherehe ya kumuaga hapa kwetu. Watu themanini! Binti anaitwa Kausar. Jumapili anafunga ndoa, Jumatano anahamia Tabora kwa mumewe. Tatizo ni moja tu. Kausar hali ngano. Si kwamba anaringa, ni utumbo wake ndio unaokataa. Hospitali wanauita ugonjwa wa siliaki. Punje ya mkate inatosha kumlaza. Mwaka juzi alilazwa wiki tatu, akatoka amebaki macho na mifupa, na daktari akamwambia baba yake kwamba utumbo ule hautavumilia kosa jingine.

Kausar amekuja mwenyewe saa tisa mchana, wakati hatuna mteja hata mmoja. Akakaa meza ya nje, kwenye miamba. Ziwa lilikuwa limetulia mno, halina hata kiwimbi, na ndege wote kimya. Akaanza kuniuliza maswali. Steki inapakwa nini kabla ya kuchomwa? Chipsi zinakaangwa kwenye mafuta ya sambusa? Kibao cha kukatia nyama kinakatiwa na mkate? Koleo je? Nikajibu salama, salama, salama. Ngano ni unga tu. Ukishaingia kwenye sosi, nani atauona?

Salama ya mwisho ilipotoka mdomoni, kitu cha chuma kikaanguka jikoni kwa kishindo. Nikaenda kuangalia. Hakukuwa na mtu. Kikaango kidogo cheusi kilikuwa sakafuni, bado kinazunguka.

Kausar hakushtuka. Alisema tu kwamba Mama Odeta alikuwa akifikiri kwanza ndipo anajibu. Huyo Odeta alikuwa mpishi wetu miaka kumi na minane. Amefariki mwaka jana, amezikwa Usagara kwa mumewe. Kumbe kile kikaango kinachoning'inia kwenye msumari dirishani kilikuwa cha Kausar peke yake, hakijaguswa na ngano tangu kinunuliwe. Mimi nilidhani ni pambo.

Akaniambia jambo jingine. Kwenye harusi ya dada yake alikula viazi vya kuchemsha ndani ya gari, madirisha yamefungwa, huku anasikia muziki. Jumamosi anataka kula na watu. Mara moja tu kabla hajaondoka kwao.

Nilisikitika kweli. Nikamwahidi mbele ya Mungu.

Jumanne, 17 Juni

Leo chakula cha majaribio. Kausar na baba yake wakafika saa saba mchana.

Kabla ya hapo nilikuwa nimegombana na Shimba, mchomaji wetu. Mzee huyu hazungumzi, lakini leo kazungumza. Alisema kiungo cha paketi tunachopaka nyama kina ngano. Sosi ya soya ina ngano. Na asubuhi kila siku tunasugua wavu wa jiko kwa kipande cha chapati ya jana kilichochovywa kwenye mafuta, ili nyama isishike. Nikamwambia huo ndio utamu wa nyumba hii, na mgonjwa mmoja hawezi kubadili utamu wa watu themanini. Kisha akageukia ule msumari wa kikaango akasema kwa Kisukuma kitu ambacho kilionekana kama kuomba radhi. Huyu mzee kila asubuhi akiingia husimama pale na kusema mwangaluka, kama anayemwamkia mkubwa wake. Uzee!

Nikaagiza steki ya Kausar ichomwe kama za wengine. Ilipowekwa tu kwenye wavu, moto ukazima. Mkaa ulikuwa mwekundu, ukawa mweusi ghafla, kama uliomwagiwa maji. Tukahamia jiko la pili. Likazima. La tatu likazima kabla hatujalifikia.

Nikatoka nje kuomba samahani, jasho linanitiririka, nikakuta Kausar anakula! Mbele yake sahani: steki yenye chumvi na ndimu tu, na ugali wa udaga, ule wa mhogo, unatoa moshi. Jikoni kwetu hakuna udaga tangu mwaka jana. Machozi yalikuwa yanamtoka. Alisema ni vilevile kabisa, hata ndimu ni vilevile, akauliza nani kapika.

Nikasema mimi.

Mzee Amirali akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Niliporudi jikoni, kikaango kilikuwa msumarini kinadondosha maji, kimetoka kuoshwa. Nimeshajua huyu ni nani. Elias! Anapika kwa siri ili baadaye aje aseme kwa Dorcas kwamba ni yeye. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatano, 18 Juni

Nimemuuliza Elias. Amekana. Anasema saa saba alikuwa benki, na risiti yenye muhuri wa benki anayo. Mtu mwaminifu hatembei na muhuri mfukoni.

Nimeweka mtego. Mtego wa akili sana. Jioni kabla ya kufunga nimemwaga unga sakafuni jikoni kote, mwembamba, kama poda. Atakayeingia kupika kwa siri ataacha nyayo. Elias anavaa viatu namba arobaini na sita. Hana pa kujificha.

Shimba aliniuliza ni unga gani. Nikamwambia ni ngano, ndiyo iliyokuwa karibu. Akavua kofia, akaenda zake bila kuaga.

Alhamisi, 19 Juni

Sijui niandikeje.

Nimefungua mlango mwenyewe, ufunguo ninao mimi peke yangu. Sakafu ilikuwa safi. Imefagiwa na kupigwa deki, bado ina majimaji. Unga wote, nasema wote, ulikuwa ofisini kwangu juu ya kiti changu, umelundikwa vizuri kama kaburi dogo. Na kutoka chini ya msumari hadi kwenye kiti kulikuwa na nyayo nyeupe. Miguu mitupu, midogo, ya mwanamke. Zinakwenda. Hazirudi.

Nywele zimenisimama, nakiri. Nikakaa nje kwenye miamba mpaka nilipopata jibu: Elias kaajiri mwanamke.

Baada ya hapo nimefanya kazi ya maana. Kama watu wanapenda ugali wa udaga, nitauleta mwenyewe, nimnyime Elias nafasi. Nimenunua mhogo mkavu, nimeupeleka mashine ya kusaga kule Nyakato. Mtu wa mbele yangu alikuwa anasaga ngano. Mwenye mashine ni mstaarabu, kaniambia nisubiri apitishe pumba za mahindi kwanza, asafishe matumbo ya mashine, maana mzigo wa kwanza huwa unabeba mabaki ya mwenzake. Nikamwambia mimi ni meneja, sina muda wa pumba.

Nikapakia gunia kwenye bodaboda. Wadudu wa ziwani walikuwa wamesimama juu ya maji kama moshi wa nyumba inayoungua, nguzo nzima nyeusi, na ile nguzo ilikuwa inasogea sambamba na sisi. Dereva akaongeza mwendo. Nilipofika mgahawani gunia lilikuwa jepesi. Limefumuliwa mshono wote, uzi umetolewa mmoja mmoja na kukunjwa vizuri. Nyuma yetu barabara nzima ilikuwa na mstari mweupe, na mstari ulikatikia hatua moja kabla ya mlango wa jikoni. Hata kiganja kimoja cha unga hakikuingia.

Nimemfokea dereva. Ameapa kwamba njia nzima alidhani tumepakizana watatu.

Ijumaa, 20 Juni

Dorcas amekuja kukagua. Elias akatoa pendekezo: ngano yote itoke jikoni leo, mpaka sherehe iishe. Wavu usuguliwe kwa mchanga na maji ya moto. Vibao vipya, koleo mpya, mafuta mapya. Nyama ya kila mtu ipakwe chumvi, ndimu, kitunguu saumu, basi, ili pasiwe na sahani ya mgonjwa na sahani ya wazima. Wali na ugali wa mtama badala ya chapati.

Pendekezo zuri mno. Nikamwambia Dorcas kwamba nilimweleza Elias hayo yote jana. Elias hakubisha. Alikunja mikono ya shati akaanza kusugua na Shimba. Nikawasimamia nikiwa nimekaa.

Ajabu, jiko lilikuwa na baridi siku nzima, ingawa jua lilikuwa linawaka. Baridi tamu, kama ya mtungi. Na harufu ya ndimu. Wakati Elias anafunga mfuko wa mwisho wa ngano kuutoa nje, alisema "asante mama," halafu akaniuliza kama nami nimeona mtu akimfungulia mlango. Anajifanya.

Keki haikwepeki. Mzee Amirali amezaliwa Mwanza, na wafanyakazi wake watashangaa wakikosa keki na ndafu. Ndafu ataliwa na wote: mbuzi mzima wa kuchoma, amesimamishwa, majani mdomoni. Keki ni ya ngano, nimeiagiza nje, itakaa meza yake nje kabisa na Kausar hataigusa. Kausar alipiga simu kuuliza kuhusu kisu. Nikamwambia viko viwili, kimoja cha keki, kimoja cha ndafu.

Kipo kimoja. Kisu cha sherehe huwa kimoja popote pale, kimefungwa utepe mwekundu. Kinakata keki, kinafutwa na kitambaa, kinahamia kwa ndafu, watu wanapiga vigelegele. Ukileta viwili, wageni watauliza hizi familia zimeanza kugawana vyombo? Nitakumbuka kukisuuza. Au tuanze na ndafu.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mpaka saa nane kila kitu kilikwenda vizuri kiasi cha kunitia wasiwasi. Watu themanini, nyama laini, hakuna moto uliozima. Kausar amekaa katikati ya watu, na mume mtarajiwa, Aftab, kijana mpole, akimwekea nyama kutoka sinia lile lile wanalokula wengine. Alikuwa anacheka. Mama yake alikuwa anamwangalia tu, hali, anamwangalia.

Kisha mshereheshaji akaita keki. Nilisahau kwamba tuanze na ndafu. Wakakata keki wageni, wakalishana, utepe ukajaa sukari. Mshereheshaji akafuta kisu kwa kitambaa akanipa, akasema sasa ndafu. Wapiga picha wakajipanga. Dorcas alikuwa mbele kabisa na simu yake.

Ningesema ngojeni nikaoshe? Na Elias yupo pale, amesimama mlangoni mwa jikoni kama mlingoti? Nikachukua kipaza sauti. Nikatangaza desturi ya nyumba yetu kwamba kipande cha kwanza meneja humlisha anayeagwa. Hakuna desturi kama hiyo. Mzee Amirali akakunja uso. Nikasema ni kwa kijiti, mzee, si kwa mkono. Akalegea.

Nikakata paja. Nikachoma kipande kwa kijiti. Na nikaiona. Punje ya keki, ya njano, ndogo kuliko punje ya mtama, imeganda pembeni ya nyama.

Nimeiona kabisa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nikafikiri, ni punje moja, anaondoka Jumatano, akiugua ataugulia Tabora. Nikainua mkono.

Mkono ukasimama.

Mtu alikuwa amenishika kifundo cha mkono. Vidole vya baridi, vimelowa, vigumu kama vya mtu aliyesonga ugali miaka mingi. Nilivuta. Sikuweza hata kutikisa kijiti. Muziki ukazima. Upepo haukuwepo, lakini vitambaa vya meza zote vilikuwa vimeinuka ncha, vimekaa hivyo hivyo hewani. Sikuthubutu kugeuka. Harufu ya ndimu ilikuwa sikioni kwangu.

Kausar aliangalia nyuma ya bega langu. Uso ukamlainika. Akasema taratibu, "Shikamoo mama."

Nasema kweli, kulijibiwa. Sikusikia kwa masikio, nilisikia kwa meno. Shimba alikuwa amevua kofia na kupiga goti karibu na jiko. Vidole vikakaza, kijiti kikanidondoka, nyama ikaanguka kwenye mchanga. Ndipo Elias akatokea jikoni na sahani, anashangaa mikono yake mwenyewe, maana anasema alikuta imeshapakuliwa. Kikaango, anasema, kilikuwa jikoni pembeni ya sahani hiyo. Kausar akala. Akala yote.

Watu wakapiga makofi. Mshereheshaji alisema meneja amezidiwa na hisia.

Jumapili, 22 Juni

Kifundo cha mkono kina alama nne upande mmoja na moja upande wa pili. Nyeupe. Nimeosha kwa sabuni ya unga, kwa jivu, kwa dizeli. Hazitoki.

Nimefikiri sana tangu alfajiri. Sikulala, nakiri. Nimeacha kumshuku Elias. Mimi si mjinga. Ni Odeta. Yupo jikoni kwangu, amekuwepo siku zote, anamlinda yule binti, na jana alimwokoa kutoka mkononi mwangu. Nimelia kidogo. Nilitaka kuua mtu kwa sababu ya picha.

Kisha nikanywa chai, akili ikatulia, nikaona nafasi iliyopo.

Jumatatu, 23 Juni

Dorcas amempa Elias tawi la Nyakato. Amesema aliona nani alisugua wavu. Elias ameomba aende na Shimba, na Dorcas amekubali. Sikuumia hata kidogo! Wachukue. Wao wana koleo mpya. Mimi nina mpishi asiyelala, asiyeomba ruhusa, na anayeiona ngano kabla haijafika mlangoni. Mgahawa gani mwingine Mwanza una kitu kama hicho?

Nimechora kibao cha nje mwenyewe: WASIOKULA NGANO KARIBUNI, HAPA NI SALAMA KABISA.

Jumatano, 25 Juni

Kausar amepita kuaga, gari la Tabora linamsubiri nje na mumewe ndani. Amenenepa mashavu. Aliomba kitu kimoja tu, kile kikaango. Nikampa, kwani nina vingine. Alikifunga kwenye kanga kama mtoto, akakipakata. Alipoingia kwenye gari nilimwona anasogea, anaacha nafasi pembeni yake, halafu mlango ukajifunga.

Shimba amekuja kuchukua visu vyake. Aliingia jikoni, akapita mbele ya msumari, hakusimama, hakusema lolote. Nikamuuliza mbona leo huamkii. Akanijibu kwamba hakuna mtu wa kumwamkia. Akasema nisugue wavu, ninunue kibao kingine cha kukatia, nisitumie chapati. Aliyasema mara tatu, mkono wake uko begani kwangu.

Anapenda kutisha watu huyu mzee. Jikoni mna joto tu leo, basi. Moto unawaka vizuri, hauzimi hata kidogo.

Alhamisi, 26 Juni

Kibao cha nje kimeanza kazi! Mama mmoja kapiga simu, ameambiwa habari zetu na watu wa Mzee Amirali. Ana mtoto mwenye ugonjwa ule ule. Anasema hawajawahi kula nje hata siku moja, mtoto anaomba kila Jumamosi. Alianza kuniuliza kuhusu vyombo. Nikamjibu salama kabla hajamaliza kuuliza. Nikasikia anashusha pumzi, kisha akanishukuru mpaka nikaona aibu.

Mpishi mpya kaniuliza asugulie nini wavu. Nimemwonyesha zilipo chapati za jana.

Wanakuja keshokutwa saa saba mchana. Mtoto anaitwa Precious, ana miaka saba. Nimemwekea meza ya karibu na ziwa.